Mama mkwe na mtori wa Krismasi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: unaishije na ugonjwa ambao watu hawauoni?

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Moshi. Miaka saba sasa nina vidonda kwenye utumbo mpana. Sisemi vidonda vya tumbo, vile ambavyo kila jirani ana dawa yake. Hivi vyangu viko chini, na vikiamka ni kuharisha damu na kamasi, tumbo kusokota, na haja isiyokupa hata dakika mbili za kujiandaa.

Mwaka wote wa kwanza nilitibiwa amiba. Nilimaliza dozi nne za metronidazoli, kila mara nafuu ya siku chache, kisha damu ile ile. Zahanati moja wakasema ni bawasiri. Shangazi akaniletea shubiri. Siwalaumu sana, maana amiba nayo huleta choo cha damu na ndiyo tuliyoizoea. Ila nilikuwa nimepungua kilo 9, na damu imekwisha mwilini hadi naandika ubaoni huku nimeshika ukuta, ndipo nikapimwa kwa kamera ya kuingizwa utumboni na kutolewa vinyama vya kwenda maabara. Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu inaushambulia utumbo wangu mwenyewe, kwamba siwezi kumwambukiza mtu, na kwamba dawa zitautuliza ugonjwa lakini hazitaung'oa. Nililia pale pale mbele yake.

Dawa ya prednisoloni ilinivimbisha uso. Watu wakanipongeza: "Mwalimu, umenenepa, ndoa imekukubali!" Nilikuwa naitikia asante, nikifika nyumbani najifungia chumbani. Siku hizi natumia sulfasalazini kila siku, hata nikiwa mzima. Hilo nililikubali kwa shida. Niliwahi kuiacha kwa kuwa nilijiona nimepona, na mwezi haukuisha damu ikarudi.

Lakini mmeuliza kuhusu kuishi, na kwangu kilicholemea zaidi ya maumivu ni kuficha. Vyoo vya barabara ya Arusha navijua vyote, kuanzia stendi, Boma Ng'ombe, Usa River hadi mjini. Kwenye mkoba hazikosekani kanga, nguo ya ndani ya akiba na sarafu za choo. Siku ya safari sili kitu. Darasani nina watoto 58, na kwa miaka miwili nilitoka mbio bila kumwambia mtu sababu, hadi mwalimu mkuu akaniita kuhusu uzembe. Siku hiyo ndipo nilipotamka: "Mwalimu, naharisha damu." Alinyamaza kidogo, kisha akanihamishia darasa lililo karibu na choo cha walimu. Miaka miwili ya mateso, na sentensi moja tu ilitosha!

Kigumu kuliko shule kilikuwa Desemba. Mnajua wenyewe Uchaggani: Krismasi wote tunapanda nyumbani, ndizi zinamenywa, mbuzi anachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazungushwa. Mke wa mtoto anayekataa chakula cha mama mkwe anamkataa mama mwenyewe. Nyama yenye mafuta na mbege hunisumbua sana ugonjwa ukiwa macho (najua wenzangu wengine wanakula bila shida, kila tumbo na lake), kwa hiyo nilikuwa nasema nimeshiba. Krismasi mbili. Maneno yakazunguka Kibosho nzima kwamba mkwe wa mjini anaringa.

Mwaka wa tatu nilimfuata Mama jikoni peke yake, na hofu ya mtu aliyeshika jani la isale kuomba msamaha. Nikamwambia, "Mama, sijawahi kuukataa mkono wako. Naumwa utumbo, natoka damu." Nikamweleza yote, hata yale ya chooni ambayo mtu hamwambii mkwewe. Aliacha kumenya ndizi. "Mwanangu, miaka yote hii ulikuwa unaumwa nyumbani kwangu na mimi nakusema kwa watu?" Akanipikia mtori mwepesi wa nyama isiyo na mafuta, kwenye sufuria ya pembeni, na usiku akanipa ufunguo wa choo cha ndani ili nisitoke gizani.

Misiba bado sijaiweza. Huwa nakaa kiti cha mwisho kabisa kwenye turubai, na kuna usiku nalala na hofu tu. Mwakani ugonjwa unatimiza miaka 8, na daktari anataka kurudia kamera, kwa sababu ukikaa mwilini muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya utumbo. Mama amesema atashuka siku moja kabla, siku ile ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo. Nikamkumbusha kwamba siku hiyo naruhusiwa maji na chai ya rangi tu, hata mtori siruhusiwi.

"Sawa," akasema, "basi nitakuja tukae."