Mdogo wangu, usinunue wiski ya kuonekana

Jumanne jioni, nikiwa kwenye daladala natoka Posta, uliingia ujumbe wa msomaji mmoja. Binti wa miaka 27, yuko Arusha. Anasema Jumamosi ijayo kazini kwao wanamuaga bosi, wakubwa wote pale ni watu wa wiski, na yeye kila mara anaishia kushika soda pembeni. Akaniuliza: "Dada, ninunue wiski gani ili nionekane najua?"

Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Kilichonichoma ni hilo neno "nionekane", kwa sababu nalijua linakotoka.

Mwaka 2016 nilikuwa na miezi minne kazini, ofisi ambayo siitaji. Sherehe ya kufunga mwaka ilifanyika kwenye hoteli ya ufukweni. Mhudumu alipita na trei, nikachukua glasi ya wiski, nikaomba soda na barafu kama nilivyowaona kaka zangu wakinywa nyumbani. Mkuu wangu wa idara alikuwa amesimama hatua mbili tu. Akanyoosha mkono, akaitoa ile glasi mkononi mwangu, akamwambia mhudumu: "Huyu mletee waini tamu. Hii ni ya miaka 18, haimwagiwi soda." Watu wakacheka. Waini ikaja, ya uvuguvugu, nikainywa yote nikiwa nimesimama palepale kwa sababu sikujua niende wapi. Mpaka leo nikisikia barafu ikigonga glasi, mkono wangu unakaza.

Basi nikaanza kujifunza kwa hasira. Nilikariri majina ya viwanda, nikakariri nani yuko kisiwa cha Islay na nani yuko bonde la Mto Spey, huko Uskoti. Halafu nikanunua chupa yangu ya miaka 18 kwa karibu nusu ya mshahara, nikaipiga picha, nikaiweka mtandaoni na maneno kwamba naonja "maua ya heather na ngozi ya kiti cha zamani". Ua hilo sijawahi kuliona kwa macho yangu. Niliandika kwa sababu lilikuwa kwenye kikaratasi kilichomo ndani ya boksi. Watu walinisifu sana siku ile, na mimi ile wiski sikuipenda. Nilikuwa nameza, nakunja uso ndani kwa ndani, natabasamu.

Aliyenitoa huko ni bibi yangu, na wala hakujua kama ananitoa.

Desemba 2018 nilikwenda Marangu kwa Krismasi kama kawaida yetu. Bibi alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwa asiyejua: ndizi mbivu zinachemshwa kwa saa nyingi mpaka zinabadilika rangi, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, kisha zinachanganywa na uji wa ulezi ulioota. Kuna gome la mti wa msesewe linaloleta ule uchungu. Siku ya kuionja, bibi aliletewa kata imejaa. Hakunywa. Alipuliza povu pembeni, akainamisha uso, akanusa, akanyamaza. Akanusa tena. Ndipo akachukua funda dogo, akalizungusha mdomoni, akameza, akakaa kimya kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali. Halafu akasema msesewe umezidi kidogo lakini kesho itakuwa sawa. Kesho yake ilikuwa sawa.

Nilisimama pale nyuma ya nyumba, karibu na mkeka ulioanikwa kimea cha ulezi, na ile harufu ikanipiga: tamu, ya vumbi, ya nafaka iliyoamka. Nilikuwa naijua. Ndiyo hiyohiyo iliyokuwa chini kabisa ya chupa yangu ya bei mbaya. Waskoti nao wanaloweka shayiri, wanaiacha iote, wanaikausha, wanaisaga, wanaichachua. Tofauti ni kwamba wao wanaendelea, wanaivukisha kwenye mitungi ya shaba na kuilaza kwenye mapipa ya mwaloni. Hata moshi wa Islay, ule wanaoupata kwa kukaushia kimea juu ya moto wa mboji, ule udongo wa mimea iliyooza wanaouchoma kama kuni, mimi nilikuwa nao tangu utotoni: ni harufu ya dari la jiko la bibi, mahindi yakiwa yamening'inia juu ya moto. Nimekulia kwenye nyumba ya mwonjaji, nikaenda kukopa pua ya mtu mwingine.

Niliporudi Dar nilimwomba mume wangu anisaidie jambo moja. Alichukua vikombe vinne vya kahawa, akaandika namba chini ya kila kimoja, akamimina chupa nne tofauti mimi nikiwa chumbani: Johnnie Walker nyekundu, Johnnie Walker nyeusi, Jameson na Jack Daniel's. Nilinusa, nikaonja, nikaandika kwenye daftari maneno yangu ya nyumbani tu. Kikombe cha kwanza nikaandika "pilipili manga, haraka". Cha pili "dari la bibi kwa mbali". Cha tatu "laini, kama maziwa yaliyopoa". Cha nne nikaandika "ndizi mbivu" nikapigia mstari. Tulipogeuza vikombe, cha nne kilikuwa Jack Daniel's, ambayo mabingwa wa mtandaoni walikuwa wamenifundisha kuidharau. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimependa kitu bila kumwangalia mtu usoni kwanza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nakujibu.

Yajue machache ambayo hakuna atakayekudanganya tena. Ile miaka kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Kwa hiyo 12 maana yake hakuna tone chini ya miaka 12. Miaka mingi si lazima iwe tamu zaidi kwako, mara nyingine ni mbao tu imezidi. Sheria ya wiski ya Uskoti inataka angalau miaka 3 kwenye pipa la mwaloni na kilevi kisichopungua asilimia 40. Rangi nzito haithibitishi kitu, maana wanaruhusiwa kutia rangi ya sukari iliyounguzwa. "Single malt" ni wiski ya kimea cha shayiri kutoka kiwanda kimoja, wala haimaanishi pipa moja. Bourbon, wiski ya Marekani, lazima nafaka yake iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, na ilazwe kwenye mwaloni mpya uliochomwa kwa ndani. Ndiyo maana inanukia vanila na sukari iliyoungua, na ndiyo maana wengi wetu tuliokulia kwenye mahindi tunaielewa haraka.

Kisha nusa. Nusa ukiwa umefungua mdomo kidogo, usitumbukize pua kwenye glasi, kilevi kitakuchoma na hutasikia kitu tena. Kunywa funda dogo. Subiri. Nusa tena.

Na maji, tia. Tia bila kuomba ruhusa. Wanaokwambia wiski lazima inywewe kavu hawajawahi kukaa na wanaoitengeneza, maana Uskoti kwenyewe jagi la maji liko mezani. Mwaka 2017 watafiti wawili wa chuo kikuu kimoja huko Sweden walichapisha hesabu walizozifanya kwa kompyuta kuhusu guayakoli, kemikali inayoleta ile ladha ya moshi. Waliona kwamba kilevi kikiwa kingi sana, hiyo kemikali inazama ndani, na ukizimua kwa maji inapanda juu, karibu na pua yako. Mzee wangu mmoja wa Moshi alikuwa anatia matone kwa kijiko cha chai tangu sijazaliwa, hakungoja mtu wa Sweden.

Soda je? Tia soda. Siku ya joto la Dar, saa kumi jioni, barazani, mimi natia soda na barafu mpaka juu. Ila chupa ya bei kubwa ionje kwanza kidogo bila kitu, ujue ulichokilipia, halafu ufanye utakavyo. Glasi ni yako.

Usinunue chupa kubwa ya kitu ambacho hujakionja. Omba toti moja kaunta, au chukua bapa. Na hapa nasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeliona likiwaumiza wadada wengi: mtu asikuchagulie kinywaji kwa sababu wewe ni mwanamke. Akikuletea waini tamu na hukuiomba, mrudishie kwa adabu, sema "nimeshaagiza". Vilevile, aliye mezani asiyekunywa kwa imani yake au kwa afya yake, asisukumwe, asiulizwe. Tukidai heshima ya glasi yetu tuiheshimu na ya maji ya mwenzetu. Na ukinywa, usishike usukani. Bolt ipo, bajaji zipo.

Jumamosi, basi, usinunue chochote. Nenda, agiza toti moja ya ile utakayoiona imefunguliwa, omba maji pembeni, nusa kwanza. Mtu akikuuliza unasikia nini, mwambie unachosikia wewe. Ukisikia ukoko wa pilau, sema ukoko wa pilau.

Krismasi iliyopita nilimpelekea bibi kichupa kidogo cha Jack Daniel's. Ana miaka 88 sasa. Alikigeuza, hakuangalia hata lebo, akamimina kidogo kwenye kikombe cha chai, akaongeza maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai bila kumuuliza mtu. Akanusa. Akanyamaza. Akanusa tena.

"Ndizi zake waliziacha zikaiva sana," akasema.

Nikamwambia bibi, hii haina ndizi, ni mahindi na shayiri na nafaka nyingine kidogo.

Akanitazama. "Mimi nimesikia ndizi," akasema, akanywa.