Madaktari watatu, majina matatu: kaka yangu anaumwa nini?

SWALI: Habari dokta. Kaka yangu ana miaka 24, alianza kwa kujifungia chumbani, halafu akawa anaifunika redio na shuka, anasema mtangazaji anamtaja. Daktari wa kwanza aliandika saikosisi ya muda mfupi, wa pili skizofrenifomu, sasa huyu wa tatu kaandika skizofrenia tu, basi. Mjomba wetu zamani faili lake liliandikwa skizofrenia ya paranoia. Je wanabahatisha? Na mbona hawampigi picha ya ubongo tujue moja? – Dada mtu

JIBU: Pole sana dada, najua hayo majina yanavyotisha. Hapana, hawabahatishi, kilichobadilika hapo ni muda. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili unaoitwa DSM-5 unahesabu hivi: dalili za saikosisi, yaani kusikia au kuamini vitu ambavyo havipo, zikikaa chini ya mwezi 1 ni saikosisi ya muda mfupi, zikifika mwezi mpaka 6 ni skizofrenifomu, zikipita miezi 6 ndo inaitwa skizofrenia. Kwahiyo kubadilika jina peke yake hakuna maana kwamba kazidiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, wenyewe unatosheka na mwezi 1, ndo maana madaktari wawili wanaweza kumuona mtu yuleyule wakaandika tofauti na wote wakawa sawa.

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayosema hii ni skizofrenia. Hivyo vipimo vinafanywa ili kuondoa mengine yanayofanana nayo, kama kifafa, tezi ya shingoni, kaswende iliyofika kwenye ubongo, uvimbe, bangi na madawa mengine. Kama hawajamfanyia hata kimoja waulizeni, ni haki yenu kabisa. Baada ya hapo kinachobaki ni kuongea: sauti anazisikia toka nje au kichwani, zinamwamuru, zinabishana zenyewe kwa zenyewe, anaamini kitu ambacho hata umwoneshe ushahidi gani hakitoki, maneno yake yanafuatana au yanarukaruka. Na daktari lazima aulize pia kama kuna vipindi vya huzuni nzito au kuchangamka kupita kiasi, maana baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, nayo inaweza kuleta sauti.

Sasa ile paranoia ya mjomba. Zamani kulikuwa na aina kadhaa, paranoidi (kuhisi unaandamwa), katatonia (mwili kuganda), hebefrenia (maneno na tabia kuvurugika) na kadhalika, lakini DSM-5 ilizifuta mwaka 2013 na ICD-11 iliyoanza kutumika 2022 nayo ikaziacha, kwasababu mtu mmoja alikuwa anahama toka aina moja kwenda nyingine na aina yenyewe haikumsaidia sana daktari kujua dawa gani itamfaa. Mimi naona walifanya vizuri. Siku hizi wanapima kila kundi la dalili lina uzito gani, na hapo ndo kule kujifungia chumbani kunapata nafasi yake, maana familia nyingi zinadhani ni uvivu au kiburi kumbe ni dalili kamili.

Na tafadhali msimwite mtu wa nafsi mbili. Jina skizofrenia alilitoa daktari Eugen Bleuler wa Uswisi mwaka 1908 kutoka Kigiriki, maana yake akili iliyopasuka, alimaanisha mawazo na hisia kuachana, sio watu wawili ndani ya mmoja.

Kliniki ijayo nenda na daftari: lini alianza kujitenga, lini ile shuka ilifunikwa kwenye redio, alikuwa analala saa ngapi. Wewe ndo uliyekuwepo, daktari hakuwepo.