Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza: mkuu wa jimbo hakuwepo Filipi

Nimemaliza kusahihisha insha zenu za chimbuko la uongozi katika Kanisa. Kumi na moja zina mchoro uleule: Petro juu, chini yake maaskofu, kisha wachungaji, kisha mashemasi, na waumini wamebanana chini kabisa kama abiria wa daladala ya jioni. Mmoja wenu kaongeza mkuu wa jimbo, cheo cha leo kati ya askofu na wachungaji. Karne ya kwanza! Nawapenda, lakini mtanizeesha kabla ya wakati.

1. Fungueni Agano Jipya la Kigiriki, hata ninyi mliopata D. Kiswahili chetu kinatupiga chenga hapa. Wafilipi 1:1 katika Biblia ya Union tunasoma "maaskofu na mashemasi". Matendo 20:28 tunasoma "waangalizi". Neno la Kigiriki ni lilelile, episkopos, yaani mwangalizi. Tena hao waangalizi ndio walewale walioitwa "wazee" katika mstari wa 17. Na Filipi ni mji mmoja, maaskofu ni wengi. Mchoro wako utawaweka wapi?

2. Ukishagundua hilo, funga mdomo kwanza. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mimi sikuufunga.

Nilikuwa mwaka wa pili, nimepelekwa fildi, mafunzo kwa vitendo, kwenye usharika wa kijijini. Wiki hiyo nilikuwa nimeivumbua Tito 1: mstari wa 5 Tito, aliyeachwa kisiwani Krete, anaambiwa aweke wazee kila mji, mstari wa 7 sifa za mtu huyohuyo zinatajwa kwa jina la askofu. Nilijiona nimefukua hazina. Alhamisi nikapewa kipindi na wazee wa kanisa. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MZEE = ASKOFU. Mzee mmoja, mhazini, aliyevaa ufunguo wa sanduku la matoleo shingoni kwa kamba ya kiatu, akaniomba nirudie. Nikarudia, tena kwa madaha.

Baada ya wiki mbili mchungaji akaleta kwenye kikao barua ya dayosisi kuhusu fungu lao la matoleo. Mhazini akasimama, akakohoa. "Mchungaji, kijana wako wa chuo ametufundisha kwamba hapa tulipo maaskofu ni tisa. Huyo wa mjini ni wa kumi. Basi atuandikie kama mwenzetu, siyo kama anatuagiza." Kikao kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, mpaka nilipomwona mchungaji hacheki. Siku ile ufunguo haukutoka shingoni.

Usiku mchungaji hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinimiminia chai, akafungua Tito ileile.

"Wazee wa Krete waliwekwa na nani?"
"Na Tito."
"Tito je?"
"Paulo ndiye aliyemwacha huko."
"Na wazee wangu hawa?"
"Walipigiwa kura, mchungaji. Miaka minne minne."
"Sasa hiyo alama ya sawasawa umeitoa wapi?"

Chai ilinikaa kooni. Nilikuwa nawacheka wanaompeleka askofu wa leo karne ya kwanza, kumbe mimi nimempeleka mhazini wa usharika. Neno lilikuwa lilelile, kazi haikuwa ileile. Kwenye ripoti ya fildi niliandika "kipindi kilipokelewa vizuri". Mungu anisamehe.

3. Msiandike "Kanisa la mwanzo liliongozwa hivi". Kanisa la wapi? Waraka wa Klementi, uliotoka Roma kwenda Korintho yapata mwaka 96 kwa sababu Wakorintho walikuwa wamewang'oa wazee wao, bado unawaita watu walewale wazee na maaskofu. Miaka michache baadaye Ignatio, askofu wa Antiokia, akipelekwa Roma chini ya ulinzi kwenda kuuawa, anayaandikia makanisa ya Asia, Uturuki ya leo: askofu mmoja, baraza la wazee, mashemasi, na msifanye lolote bila askofu. Lakini anapowaandikia Warumi, hamtaji askofu wao hata mara moja. Na mbona anasisitiza hivyo? Mchungaji akitangaza Jumapili tatu mfululizo kwamba simu zizimwe, ujue simu zinalia.

4. Wale saba wa Matendo 6, waliochaguliwa kuwahudumia wajane, hawaitwi mashemasi popote katika sura ile. Kwisha.

5. Fuateni mkate. Mnaandika kurasa sita za mafundisho, hakuna anayeuliza nani aliyekuwa akilisha wajane. Mwaka 251 Kornelio, askofu wa Roma, aliorodhesha watu wake katika barua ambayo Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa, ametuhifadhia: wazee 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, akoliti (wasaidizi wa ibada) 42, na wapunga pepo, wasomaji na mabawabu jumla 52. Baada yao wanakuja wajane na wahitaji zaidi ya 1,500, wote wakitunzwa na kanisa. Hesabu hiyo haiendeshwi na baraza linalokutana chini ya mti. Anatakiwa mtu mmoja wa kuulizwa, na wengine wa kushika mfuko.

Na walioshika mfuko walikuwa mashemasi. Ndiyo maana Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, katika kanuni ya 18, unawakemea mashemasi waliokuwa wakiwapa wazee ekaristi na kukaa katikati yao. Kwa daraja walikuwa chini ya wazee, lakini walikuwa wameshajikalia. Kila nikiisoma kanuni ile namwona mhazini wangu na kamba yake ya kiatu.

Insha zirudiwe, ziwe mezani kwangu Ijumaa. Bila mchoro.