Nyota imefifia, au ni macho yangu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa viazi huku Makete. Mwanzoni mwa 2020 niliona ile nyota nyekundu, jirani ya zile tatu za mstari, imepungua mwanga. Kijana wangu anasema siku hizi kuna kamera zinazopiga picha anga zima na kupima kila nyota. Je, nazo ziliona nilichoona, au ni uzee?

JIBU: Marahaba. Macho yako ni mazima. Nyota hiyo ni Betelgeuse. Desemba 2019, Edward Guinan wa Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani, na wenzake walitangaza kwamba inafifia. Kufikia Februari 2020 ilibaki na kama theluthi moja ya mwanga wake. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilitema gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likaiziba upande wetu.

Ila uligunduaje? Bila shaka kwa kuitazama pamoja na jirani zake. Kamera nazo hufanya hivyohivyo. Mizani yako ya viazi ukiitilia shaka, unaijaribu kwa jiwe la kilo unazozijua. Na kamera huchukua nyota zilizotulia kuwa mawe yake. Ukungu mwepesi ukipita, zote hupungua karibu sawa. Moja ikishuka peke yake, hiyo ndiyo iliyobadilika. Ndiyo maana picha pana ina faida: mawe ya mizani yamo humohumo, kwa maelfu. Mradi wa ASAS-SN, mmoja wa hiyo inayopiga picha anga zima, unatumia lenzi za sentimita 14 tu, na baadhi ziko Sutherland, Afrika Kusini. Darubini ya Rubin kule Chile ina kioo cha mita 8.4, na picha yake moja hufunika anga la miezi mipevu zaidi ya 40.

Hapo sasa kijana wako kateleza kidogo. Kamera hizo zimetengenezwa kwa nyota hafifu. Betelgeuse ni kama kumimina ndoo kwenye kikombe: mwanga unafurika, kipimo kinaharibika. Nyota kali namna hiyo bado zinawahitaji watu kama wewe. AAVSO, chama cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwanga kilichoanzishwa Marekani 1911, mpaka leo kinapokea makadirio ya macho matupu.

Januari, saa 3 usiku, mvua ikikatika, tafuta Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana, kisha Aldebaran, ile nyekundu iliyo karibu nacho. Kwa kawaida Betelgeuse huishinda kidogo. Usiilinganishe na nyota iliyoinamia mlimani, maana hewa ya chini hula mwanga. Andika tarehe, saa, na ipi imezidi.

Na chai iache ndani. Mimi hapa Uyole niliwahi kuandika daftarini, kwa herufi kubwa kabisa, “IMEFIFIA TENA!” Kumbe ni mvuke wa kikombe kwenye miwani.