Kikombe cha wifi, taya la mtoto na dawa ya dola laki nne na ushei

Tangu niandike hapa kwamba baadhi ya saratani huanzishwa na virusi, barua hazijakoma. Wengine wameogopa, wengine wamekasirika, na mmoja amenitumia dawa ya majani. Nimechagua sita.

Shikamoo. Wifi yangu amegundulika na saratani ya mlango wa kizazi. Kaka amehama chumba, anasema ameletewa ugonjwa wa nje. Mama naye ametenga sahani na kikombe cha wifi. Tunakosea? – Dada mtu, Tanga

Marahaba. Mnakosea, na hicho kikombe kirudisheni kabatini leo hii.

Saratani haiambukizi. Kinachoambukiza ni kirusi kinachoitwa HPV, na njia yake ni ngozi kugusana wakati wa kujamiiana. Kwenye chai hakimo. Tena karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukipata wakati fulani wa maisha yake, kaka yako akiwemo. Aina zake ni zaidi ya 200, na mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Wanawake wengi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili bila wao kujua. Kwa wachache kinang'ang'ania, na hapo hufanya ujanja. Kila seli ina walinzi wake ambao kazi yao ni kuizuia isigawanyike ikiwa imeharibika. HPV hutengeneza protini mbili zinazowalewesha walinzi hao, na seli inabaki kuzaana bila mkubwa wa kuikemea. Hata hivyo, kutoka hapo hadi saratani kamili hupita miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, na miaka 5 hadi 10 kama kinga imedhoofika. Mwambie kaka: kirusi kilichomwangusha mkewe mwaka huu huenda kiliingia kabla hawajajuana, na huenda yeye ndiye aliyekibeba. Hakuna kipimo cha kuamua kesi hiyo. Wifi anahitaji mtu wa kumsindikiza kwenye mionzi, maana mionzi huchosha kuliko watu wanavyodhani.

Na wewe uliyeandika, umepima? Ukifika miaka 30 (25 kama unaishi na VVU) nenda. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, sehemu yenye kasoro inageuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa palepale kwa kuigandisha au kuichoma kwa joto. Siku hizi kuna na kipimo cha HPV chenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli kwa kijiti cha pamba pasipo kuvuliwa nguo na mtu.

Shuleni kwa binti yangu wamechanja sindano moja tu ya HPV. Zamani zilikuwa mbili. Ni kweli moja inatosha au serikali inabana matumizi? Na mbona wanasema inafunga kizazi? – Baba, Morogoro

Moja inatosha, na ushahidi wake umetoka hapa hapa kwetu. Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kwa bahati nasibu: wapo waliopata dozi moja, mbili na tatu. Miaka miwili baadaye, zaidi ya asilimia 98 ya waliochanjwa mara moja walikuwa bado na kinga dhidi ya aina ya 16 katika damu. Kenya nako, wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 wa Kisumu, Nairobi na Thika walifuatiliwa, na dozi moja ikazuia maambukizi ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikahamia huko 2024. Gharama zimepungua, ndiyo, lakini kinga ya binti yako haijapunguzwa.

Ya kufunga kizazi ni maneno ya barazani. Ndani ya chanjo hakuna kirusi; kuna ganda lake tupu. Mwili unalisoma ganda, unaweka kumbukumbu, basi. Ni ugonjwa wenyewe ndio unaofunga kizazi, kwa kisu au kwa mionzi.

Mtoto wa dada yangu, miaka sita, meno yalianza kulegea upande mmoja, tukamng'oa mawili. Sasa taya limevimba kama ndizi na hospitali wanataja Burkitt na kirusi. Bibi yake anasema ni jicho la mtu. Hicho kirusi kakitoa wapi? – Mjomba, Musoma

Mjomba, kwanza la haraka: huo ni uvimbe wa saratani unaoweza kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Kama mnasoma hili mkiwa bado nyumbani mnashauriana, acheni kusoma, mpelekeni. Upande wenu wa ziwa, hospitali ya Bugando, Mwanza, wanatibu saratani.

Msijilaumu kwa meno. Wazazi wengi huanzia kwa daktari wa meno, kwa sababu dalili ya mwanzo ni hiyohiyo.

Sasa kirusi. Hadithi yake ilianzia jirani yenu, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeitwa Denis Burkitt, aliona mtoto aliyevimba taya zote mbili, kisha mwingine, akaanza kuwahesabu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka hospitali kwa hospitali hadi Afrika Kusini, takriban kilomita 16,000, wakiuliza swali moja: mnawaona watoto wa namna hii? Majibu yalichora ramani. Penye joto na mvua walikuwapo; milimani penye baridi walipotea. Ukiiweka ramani hiyo juu ya ramani ya malaria, zinakaribia kulingana.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti wa maabara aliyeitwa Anthony Epstein akatoka ukumbini akiwa na hakika kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Kisha siku moja ukungu ukafunga London, ndege ikatua Manchester, na kifurushi kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka. Mwingine angekimwaga. Epstein akayaangalia yale maji na kukuta seli zimebanduka zinaelea, zi hai. Zilikubali kuoteshwa, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na kinaitwa Epstein-Barr. Watoto waliotoa vipande vile hawatajwi sana, nami huwa nawakumbuka kila nikisimulia habari hii.

Alikitoa wapi? Kwenye mate. Kwa bibi, kwa mama, kwa watoto wenzake. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, mimi na wewe tukiwemo, na watoto wetu wengi hukipata kabla ya miaka mitatu. Peke yake hulala tu ndani ya seli za kinga. Shida ni malaria inayorudi na kurudi: kila homa inazilazimisha seli hizo kuzaana kwa pupa, na katika pupa hiyo nyuzi za urithi hukatika. Siku moja kipande cha kromosomu ya 8 kinakwenda kujishikiza kwenye kromosomu ya 14, na jeni ya kukuza seli, iitwayo MYC, inawashwa isizimike. Bahati mbaya ya seli moja. Jicho la mtu halihusiki, na bibi naye asisemwe vibaya. Anatafuta sababu kama Burkitt alivyotafuta.

Habari njema ni kwamba kinachokua upesi hufa upesi. Dawa za kemo, ambazo Kampala ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo kuzijaribu kwa ugonjwa huu, huuyeyusha uvimbe ndani ya siku chache. Hapo ndipo penye mtego. Taya linarudi, mtoto anacheza, familia inaona amepona na nauli imekwisha, wanabaki nyumbani. Kwenye nchi zenye huduma kamili watoto karibu 9 kati ya 10 hupona. Kwetu idadi ni ndogo zaidi, na kukatiza dozi ni moja ya sababu. Mkianza, malizeni dripu zote hata akiwa anawakimbiza kuku.

Nilikwenda kuchangia damu nikaambiwa nina homa ya ini B. Nasikia ni saratani tayari. Nina miaka 34, siumwi chochote. – Kijana, Dodoma

Si saratani. Ni onyo, tena umelipata mapema. Huenda ulikipata kirusi chake utotoni: mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 kati ya 10 kirusi hubaki naye maisha, mtu mzima mara nyingi hukifukuza. Kikibaki, hulikwaruza ini polepole kwa miongo, na hujipachika hata ndani ya vinasaba vya seli zake.

Omba kipimo cha wingi wa virusi na hali ya ini. Si kila mwenye kirusi huanzishiwa dawa, ila ukihitaji ipo tenofovir, ileile iliyomo kwenye vidonge vya VVU. Daktari akikupangia altrasaundi kila miezi sita, usiruke. Mke na watoto wapimwe, na wasionacho wachanjwe. Wembe na mswaki viwe vyako peke yako.

Na kwa kuwa uko Dodoma: angalia mahindi na karanga. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu huko na Manyara mwaka 2016, hushambulia ini hilohilo, na ikikutana na kirusi B hatari zinazidishana, hazijumlishwi. Mahindi yenye ukungu usile, na usidhani pombe ya kienyeji imeyasafisha. Yenyewe pombe pia acha.

Naishi na VVU, nimeacha dawa miezi minane. Nimetokwa na madoa ya zambarau mguuni, hayaumi. – Hakutaja mahali

Rudi kliniki kesho, na uwaonyeshe mguu. Yanaweza kuwa Kaposi, aina ya saratani. Nayo ina kirusi chake, cha namba 8 katika jamii ya virusi vya herpes, kilichogunduliwa mwaka 1994. VVU hukifungulia tu mlango kwa kuondoa kinga. Ikiwa mapema, mara nyingi madoa hupungua kwa ARV peke yake. Hakuna atakayekupiga kwa kuacha, na akikugombeza, mvumilie.

Niko Muscat, mama yuko Mombasa ana saratani. Hapa nimesikia wanatibu kwa virusi, na India wanatengeneza upya damu ya mgonjwa. Niuze kiwanja? – Mwana

Usiuze kwanza. Uliyosikia ni ya kweli, ila kila dawa ina ugonjwa wake, nawe hujanitajia saratani ya mama ni ipi.

Kutibu kwa virusi kupo: mwaka 2015 Marekani iliidhinisha kirusi cha herpes kilichorekebishwa, kinachodungwa ndani ya uvimbe wa melanoma, saratani ya ngozi. Kwa nyingi nyingine bado ni majaribio. "Kutengeneza damu" ni CAR-T: wanatoa seli zako za kinga, wanazipachika jeni ya kuitambua saratani, wanazirudisha mwilini. Anayebeba jeni hiyo, mara nyingi, ni kirusi kilichochongwa kutokana na VVU na kung'olewa meno. Mtoto wa kwanza kutibiwa hivyo, Emily Whitehead wa Marekani, alikuwa na saratani ya damu mwaka 2012, na amekua. Bei ilipotangazwa 2017 ilikuwa dola 475,000. India iliidhinisha ya kwao 2023 kwa takriban dola 50,000. Lakini zote mbili ni za aina fulani za saratani ya damu na tezi. Kama mama ana uvimbe wa titi au utumbo, kiwanja kitakwenda na mama hatafaidika.

Kuna kundi la tatu, dawa zinazoachia breki ya seli za kinga. Moja wapo, pembrolizumab, imeidhinishwa Marekani tangu Januari 2024 iongezwe kwenye mionzi na kemo kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa jirani. Ni ghali sana.

Mwambie daktari wa mama akuandikie mambo matatu: aina, hatua, na kile ambacho matibabu ya kawaida yanaweza kufanya. Nitumie karatasi hiyo ndipo tuzungumze habari ya kiwanja.

Aliyenitumia majani ya mstafeli: nimeyapokea, ahsante. Tunda lake nitalila.