Flaski ya "Mzee, goti"

Jumatatu nimefungua inkubeta ya kukuzia seli hapa maabara nikakuta flaski imeandikwa "Mzee, goti", basi. Hakuna pasaji (yaani seli zimeshagawiwa na kuhamishiwa chombo kipya mara ngapi), hakuna tarehe. Wadogo zangu, mnataka nife kwa presha?

1. Andikeni pasaji kila mnapozigawa seli. Nilipoanza kazi hapa Kampala nililinganisha fibroblasti (seli zinazotengeneza nyuzi) za ligamenti ya goti: za kijana aliyeanguka na bodaboda, na za mzee wa miaka 68. Kipande cha mzee kilitoa seli chache, zikakua kwa kujikongoja, nami nikawa nazigawa na kuzikuza tena hadi zikatosha. Za kijana nikazitumia zikiwa pasaji ya 2. Za mzee zilikuwa zimeshafika ya 9. Nikazitilia PDGF, kichochezi cha kuzifanya seli ziongezeke. Za kijana zikaongezeka, za mzee kimya. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba uzee umezitia uziwi, na jioni nikajinunulia rolex mbili, zile chapati za mayai, pale Wandegeya kama mtu aliyepandishwa cheo.

Siku ya kuwasilisha, fundi wetu wa maabara, mama asiye na maneno mengi, akauliza: "Mwanangu, hizo ni pasaji ya ngapi?" Nikapekua daftari, jasho likinitoka. Watafiti Hayflick na Moorhead walishaonyesha mwaka 1961 kwamba hata seli za kijusi huchoka baada ya kuongezeka maradufu mara 50 hivi. Mimi nilikuwa nimezizeesha mwenyewe ndani ya plastiki, kisha nikamsingizia mzee wa watu. Miezi mitatu imekwenda na maji. Niliporudia za wote wawili zikiwa pasaji ileile, tofauti ilikuwepo, lakini ya kutafuta kwa tochi.

2. Zinyimeni seramu (majimaji ya damu iliyoganda tunayozilishia) saa 24 kabla ya jaribio. PDGF hutoka kwenye chembe sahani damu inapoganda, kwa hiyo imo tayari ndani ya seramu. Yenu itaonekana wapi?

3. TGF-beta, kichochezi kingine, hunata kwenye plastiki. Tieni protini ya albumini ili isinate, mgawe kwenye vichupa vidogo. Anayeigandisha na kuiyeyusha kila siku namjua, na yeye anajijua.

4. Seli zikishakuwa pana na bapa kama chapati, msiniletee habari kwamba kichochezi ni kibovu. Pakeni rangi ya beta-galaktosidasi kwa pH 6 (seli zilizozeeka hugeuka bluu), mzihesabu za bluu kwanza.

Ile flaski ipo rafu ya chini. Mwenyewe asipojitokeza kabla ya saa kumi jioni, naimwagia jiki.