Kesi ya Lamu: leseni ilianguka kwa nini?

Ndugu, umeuliza kama ile kesi ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu iliamua kwamba makaa hayafai Kenya. Hapana. Jopo la rufaa za mazingira, NET, lilifuta tarehe 26 Juni 2019 leseni ambayo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliipa kampuni iliyotaka kujenga mtambo huo, na kasoro kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Mikutano ilifanyika kweli, lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu. Ripoti yenyewe ya athari kwa mazingira ilipokamilika, watu hawakurudishiwa waijadili ipasavyo. Sasa mvuvi atapinga vipi asichokisoma? Hapo ndipo mawakili wa wakazi walipobana, na kwa maoni yangu walifanya vyema kutoegemea hoja ya moshi peke yake. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 nayo ilipuuzwa.

Kampuni haikufungiwa mlango kabisa: iliambiwa ikitaka kuendelea, ifanye upya tathmini ya athari kwa mazingira. Kwa hiyo ukiwa na mgogoro kama huo kwenu, anza na kumbukumbu za mikutano: tarehe, waliohudhuria, na walichoonyeshwa.